Nani Alishusha Kwapa la Karatasi

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta pale Mbarara. Siku moja alikuja kunitembelea amenuna, nikamwuliza nani kamkosea. Akasema ni wenzake kazini. Wao wanaandika maagizo ambayo mashine inayafuata. Kila kikundi kina ghala lake la maandishi, lakini ghala hili linategemea lile. Sasa mtu mmoja alibadilisha kitu kwenye ghala lake, hakusema, na kazi ya huyu mtoto ikaanguka.

"Anajulikana aliyebadilisha?" nikamwuliza.

"Anajulikana, bibi. Kila badiliko linabaki na jina la mtu, na vile kitu kilivyokuwa kabla kinahifadhiwa. Unaweza kukirudia."

"Basi unanuna nini? Sisi tulianza bila hayo."

Alicheka, akadhani nazungumza tu. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa afunge.

Ilikuwa miaka ya themanini, vita vimekwisha na barabara ya Mbarara imeanza kupitika bila roho kuruka. Wazazi wangu walinileta Nakivale, kambi ya wakimbizi, kutoka upande wa Kongo nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo kwangu mimi nyumbani ni hapa, nyumba za udongo na ziwa chini pale. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, na kwenye kona ya nyumba yangu palikuwa na cherehani ya mkono. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Haji, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka mjini. Aliiweka kwangu kwa amana ili kikundi chetu cha akina mama kimshonee, na kazi ilipokuwepo sisi wote tulikula kwa hiyo cherehani moja. Ikiondoka, tunarudi kupalilia mashamba ya watu. Nilijua hilo kila nilipoifunika kwa kanga.

Kazi yenyewe ilikuwa mashati ya shule ya watoto wa kambi ya jeshi. Haji alikuwa ameigawa. Akina mama wa Ruti, pale barabara ya Kabale, walikata na kushona miili ya mashati, yaani kifua na mgongo. Sisi wa Nakivale tulishona mikono. Halafu kila kitu kilikutana dukani kwa Haji, ambapo fundi wake, mzee mpole wa sauti ya chini, aliunganisha mikono na miili na kutia kola. Haji alisema ni kazi ya haraka. Mimi nilisema moyoni, shati moja lenye nyumba tatu, hapo kuna siku.

Mtu asiyeshona anahitaji kuelewa kitu kimoja. Hatukukata kwa kukisia. Kila kikundi kilikuwa na karatasi zake za kukatia, tulizoziita patroni, zilizokatwa kwa mifuko ya saruji. Unalaza karatasi juu ya kitambaa, unapitisha chaki pembeni, unakata. Fundi alikuwa na karatasi mama zikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, na zetu na za Ruti zilitoka kwenye hizo. Mduara wa mkono wangu ulikuwa umepimwa kwenye tundu la kwapa la mwili wa Ruti. Mimi sikuwahi kuuona mwili wa Ruti ukikatwa, wala wao hawakuwahi kuuona mkono wangu. Tulikuwa tunaaminiana kwa karatasi.

Patroni zetu nilizitunza mimi. Nilizikunja na kuziweka juu ya jiko, kwenye fito, kwa sababu mchwa hawapendi moshi. Zikawa nyeusi kama ngozi ya ngoma, lakini hazikuliwa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Mafurushi yetu yaliondoka na gari la samaki wa ziwani, na malalamiko pekee yalikuwa harufu. Halafu siku moja dereva akanirudishia furushi zima la mikono na ujumbe wa Haji wa mdomo. Mikono ni midogo. Haiingii vizuri kwenye miili. Mashati yaliyounganishwa yanapasuka kwapani. Na Haji anauliza kitambaa kilichopungua kimekwenda wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Alikuwa anatuita wezi.

"Amesema kitu kingine?" nikamwuliza dereva.

"Amesema Ijumaa uje na karatasi zako. Na cherehani."

"Cherehani ije kufanya nini?"

"Mama, mimi ni mtu wa samaki. Nimebeba maneno tu."

Nilishusha patroni ya mkono kutoka kwenye fito, nikailaza juu ya mkono mmoja baada ya mwingine. Ilikaa sawasawa. Kwa hiyo mikono yetu ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote. Hapo ndipo nikaanza kumshuku kila mtu, na nilianzia nyumbani kwangu.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, ndiye aliyekuwa akikata. Ni mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi, na mtoto wake mchanga wiki hiyo alikuwa amevaa kofia ya kitambaa kilekile cha bluu. Nilikwenda kwake bila kubisha hodi.

"Hiyo kofia imetoka wapi?"

Akaitazama kofia, akanitazama. "Eh! Wifi, unakuya kupekua kichwa ya mutoto?"

"Nakuuliza."

"Nilitosha mu bile bipande bidogo-bidogo binabakia kati ya mikono. Haji mwenyewe alisema bile ni ya kutupa. Unaona vile iko na viraka? Mutu mwizi anaiba viraka?"

"Haji anasema mikono ni midogo."

"Haji anasema. Na ule mama mukubwa wa Ruti, yeye anasema nini? Bale bamama banatuita batu ya kambi. Wao ndio banajua kutuharibia, minakuambia. Lakini weye unakuya kwangu, juu mimi niko karibu."

Nilivua ile kofia, nikaigeuza ndani nje. Viraka vya pembe tatu, vyembamba, hakuna hata kimoja kipana kuliko vidole viwili. Vipande vya namna hiyo hubaki kweli kati ya mkono na mkono. Nikamvisha mtoto kofia yake. Sikumwomba wifi msamaha, wala yeye hakuungoja. Alisema tu, "Ijumaa tunaenda bote. Nataka kumuona huyo mama kwa macho."

Ijumaa tulipakia cherehani kwenye gari la samaki, imefungwa kwa kanga, na wifi akaikalia kama kuku wa kuatamia. Patroni nilizishika mwenyewe. Sikumpa mtu.

Dukani tuliwakuta wanatungoja baada ya sala. Haji, kanzu safi, uso umefungwa. Fundi wake, ameinamia mashine yake. Mama mkubwa wa Ruti, Mnyankore mpana wa mabega, kiongozi wa wale wa miili, na chini ya kwapa lake karatasi zimeviringishwa. Na mke wa sajenti kutoka kambini, amesimama katikati ya duka ameshika shati lililopasuka kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Yeye ndiye aliyeanza. "Nani alishona hii?"

"Salaam kwanza," nikasema.

"Nyabo, hapana niambie salaam. Mtoto yangu anajua jibu. Mwalimu anauliza, mtoto anajua kabisa. Lakini anaogopa kuinua mkono, kwa sababu akiinua, shati napasuka, wengine nacheka. Sasa mwalimu anasema mtoto yangu iko mjinga. Kwa sababu ya mkono yenu!" Akainusa. "Na inanuka samaki."

Wifi akaguna. "Samaki haipasue shati, mama."

Haji aliinua mkono wake. Yeye Kiswahili chake kilikuwa kilichonyooka, cha mtu aliyesoma chuoni. "Mama," akaniambia, "nimewapa kazi kwa amana. Mimi sipendi kumnyang'anya mtu. Lakini miili ya Ruti inakuja sawa, mikono yenu inakuja midogo. Kama mnabana kitambaa, niambie hapa mbele ya watu. La sivyo cherehani itabaki leo."

"Nani kasema miili ya Ruti ni sawa?"

Mama wa Ruti akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. "Banange! Karatasi yangu iko sawa. Wewe wa kambi ndiyo unakata mbaya. Unakuja hapa kunifundisha?"

"Sikufundishi. Nataka kuziona."

"Kwa nini uone?"

"Kwa nini usitake nizione?"

Tukatazamana. Nadhani angekuwa na kitu cha kuficha angekuwa ameondoka, lakini wakati ule sikufikiri hivyo. Nilifikiri, nimempata. Alizitupa karatasi zake juu ya meza ya kukatia, zikajikunjua.

Nilimwambia Haji ateremshe karatasi mama kutoka kwenye msumari. Akasema fundi afanye. Nikasema hapana, wewe mwenyewe, Haji, mkono wa mwingine nisiouamini usizishike. Hakupenda, lakini aliziteremsha. Nililaza mkono wangu juu ya mkono mama. Sawa, pembe kwa pembe. Wifi akapiga kofi moja dogo. Halafu nikalaza mwili wa Ruti juu ya mwili mama. Shingo sawa. Bega sawa. Upande sawa. Kwapa halikuwa sawa. Kwapa la Ruti lilikuwa limeshuka chini, upana wa kidole na zaidi.

"Unaona!" akasema wifi. "Tundu yao njo kubwa, mikono yetu haiko midogo!"

Mke wa sajenti alisogea kutazama. Mama wa Ruti akainamia karatasi yake kama haijui.

Hapo nikaona jambo jingine. Kila mara unapopitisha chaki pembeni mwa karatasi, ukingo unashika bluu. Karatasi ya Ruti ilikuwa ya bluu pembeni kote, bluu ya zamani iliyokauka. Isipokuwa kwapani. Kwenye kwapa ukingo ulikuwa msafi, bluu kidogo sana, ya juzi. Nilipitisha kidole mbele ya Haji.

"Hii imekatwa karibuni," nikasema. "Na mtu mwenye mkasi mkali. Hakuna meno."

Sasa Haji alimgeukia mama wa Ruti, na uso wake ulikuwa uleule alionigeuzia mimi. Ningesema nilimhurumia ningekuwa naongopa. Nilikuwa nangoja.

"Mimi sikukata," akasema. Sauti yake ilishuka. "Haji, mimi sikukata. Nililetewa hivi. Fundi alichukua karatasi yangu, akarudisha. Nikadhani ni wewe umetuma."

Fundi aliacha kuzungusha gurudumu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lake muda mrefu.

"Haji ulikuwa umekwenda Kikagate kuchukua vitambaa," akasema mwishowe. "Mama huyu wa kambi ya jeshi alikuja. Alisema makwapa yanawabana watoto."

"Ndiyo, mimi ndiyo nilisema," akajibu mke wa sajenti, bila aibu hata chembe. "Mtoto nakua. Nataka shati mwaka mbili. Nilisema fungua kidogo. Ni makosa?"

"Sikutaka kumrudisha mteja," fundi akasema. "Nikashusha kwapa la karatasi ya Ruti. Mwili mama sikuugusa, nikangoja ruhusa yako. Halafu nikasahau. Na mkono... nilifikiri mkono utajipa."

"Utajipa!" akasema wifi. "Mukono ni mutu?"

Hata Haji alicheka, kidogo, akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama lile rundo la miili nyuma ya fundi. Nilikuwa sasa nalishuku na rundo.

Haji alitaka kumaliza. "Basi imejulikana. Mama, panua mkono wako leo, kazi iendelee. Cherehani rudi nayo."

Mtu mwingine angesema asante na kuondoka. Nilikuwa nimelipata nililolijia. Lakini nilimwuliza fundi, "Rundo hilo, miili ya kwapa la zamani imo?"

Akasema imo. Imechanganyika.

"Basi nikipanua mkono leo, utakuwa mkubwa kwa ile ya zamani. Wiki ijayo mtaniita tena, na nitabeba cherehani tena. Haji, sipanui."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa kupanua peke yangu."

Tulibishana mpaka chai ikaletwa na kupoa. Nilitaka kitu kimoja, mkono usibadilike bila mwili, na mwili usibadilike bila mkono, na karatasi mama za yote mawili zibadilike kwanza. Na ile ya zamani isitupwe, kwa sababu kuna miili ya zamani inayongoja mikono ya zamani. Haji akakubali. Kisha mama wa Ruti akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Na nani atashika mkasi? Wewe? Hapana. Leo umenitazama kama mwizi."

"Na wewe je, ulinitazama vipi?"

"Vilevile," akasema.

Ndipo yeye, siyo mimi, akasema lile neno tulilolifuata miaka yote iliyobaki. "Basi mimi nitakata karatasi yako. Wewe utakata yangu."

Na ndivyo tulivyofanya. Fundi alichora karatasi mama mpya, ya mwili na ya mkono pamoja, Haji akiwa amesimama juu yake kama polisi. Mama wa Ruti akakata mkono wangu mpya kwa kufuata karatasi mama, nikimtazama ulimi wa mkasi. Mimi nikakata mwili wake mpya, naye akipumua shingoni mwangu. Kila mmoja alikagua kazi ya mwenzake kwa kidole, ukingo wote, kabla ya kuipokea. Kisha tukakata alama ndogo ya pembe tatu kwenye kona ya kila karatasi mpya, zote nne kwa pigo moja zikiwa zimelazwa pamoja, ili isitokee mmoja akajikatia yake nyumbani. Karatasi za zamani, zisizo na alama, zilirudi kwenye msumari nyuma ya mpya. Siku tukibadilisha tena, alama zingekuwa mbili. Na kila furushi lingefungwa na kipande cha karatasi chenye alama zake, ili fundi asikutanishe mkono na mwili wasiojuana.

Lile rundo tulilichambua jioni hiyohiyo, tukilaza karatasi ya zamani juu ya kila mwili. Mikono iliyorudishwa ikapata wenzake, mmoja mmoja. Mke wa sajenti alikaa mpaka mwisho. Alisema anataka kuona shati la mtoto wake likifumuliwa na kuunganishwa upya kwa macho yake, kwa sababu haamini mtu hapa. Nilimpenda kwa hilo.

Cherehani ilirudi Nakivale juu ya gari la samaki. Wifi aliikalia tena. Njiani aliniuliza kama bado namshuku kwa kofia. Nikamwambia ageuze kichwa, asinitazame, nafikiri.

Furushi la kwanza tulilopeleka lilikuwa na alama moja. La Ruti pia. Haji alituma salamu kwamba mashati yanaingia. Sikupokea salamu tu, nilimtuma wifi akaangalie.

Mvua za mwaka uliofuata, watu wa kambi ya jeshi walitaka mikono mirefu. Sikungoja Haji aniite, nilituma neno Ruti. Ulikuwa mchana, napiga cherehani, nikaona mama wa Ruti anashuka kwenye gari la samaki, ameinua pindo la gomesi yake juu ya tope, karatasi zake na karatasi mama mpya za Haji kwapani na mkasi wake mwenyewe umefungwa kwenye kitambaa. Safari yote ile, na alikuwa anajua kwamba mkasi ninao.

"Mkasi wangu una nini?" nikamwuliza.

"Siujui," akasema.

Aliketi, akaomba patroni yangu. Niliiteremsha kutoka kwenye fito. Kabla ya kufanya chochote aliipitisha kidole ukingoni, taratibu, kuzunguka kote, anatafuta mahali pasipo na chaki. Mimi nilikuwa nimeshika ya kwake, nafanya vilevile. Wifi mlangoni alikuwa anatutazama, anacheka peke yake.

Tulipomaliza, kila mmoja alikata karatasi mpya ya mwenzake, kisha tukakata alama ya pili, karatasi zote zimelazwa pamoja. Alikunja za kwake. Akatupa jicho kwenye kona, kwenye cherehani ya Haji.

"Bado iko?"

"Bado iko."

"Basi leta chai," akasema, na mkasi wake akaurudisha kwenye kitambaa.